Bendera ya Mzee Nadim

Mzee Nadim, Mwarabu ninayemtunza nyumbani kwake hapa mtaani Sharpstown, ughaibuni, alizaliwa Nazareti. Mji wa Yesu! Siku yake ya kuzaliwa nikamletea bendera ya Israeli, kama ile tuliyoitundika madhabahuni, kanisani kwetu Wakongo.

Machozi yakamlengalenga. "Binti yangu, hiyo ni ya pasipoti tu. Kule nilikozaliwa, wengi wenye bendera hiyo waliniona mgeni. Waarabu wa hapa nao wakiiona pasipoti, wananiita Mwisraeli."

"Basi nikuletee ipi?" nikauliza kwa ukali, maana aibu ilinishika.

"Kwani wewe, Anastasie, ya kwenu ni ipi?"

Nikaanza kuikunja ile bendera. Sisi watu wa kabila la Wanyamulenge, Kongo hukohuko tulikozaliwa, majirani walituchomea nyumba wakituita wageni, wakisema turudi kwetu.