Mama Mkwe Nyuma ya Mkeka

Lori lilipomaliza kupanda milima kutoka Kamanyola, abiria wote tulikuwa wa rangi moja, rangi ya vumbi. Tulipofika Nyangezi alipanda mama mmoja mwenye mabega mapana, akakaa juu ya gunia kando yangu. Akaniuliza kama naijua Bukavu. Nilimwambia ndiyo kwanza nafika.

"Niko natafuta nyumba yenye batu banadanganyia mbele ya batu," alisema. "Mukwe wangu anaenda pale kila siku ya posho."

Siku ya posho ni Jumamosi, na ndiyo ilikuwa siku hiyo. Mama huyo, Euphrasie, hakuficha shida yake kwa mgeni. Binti yake Constance alikuwa amemkimbia mumewe, amerudi kwao. Mume huyo, Théodore, fundi wa kujenga, tangu kiangazi kianze kila Jumamosi alirudi nyumbani ananukia poda ya wanawake. Ukimuuliza, anajibu kwamba ni ya mchezo.

"Mama, pengine kweli ni mchezo."

"Banaume bote banasemaka vile. Nitajionea. Kama ni uongo, ng'ombe zake zitarudi kwake, na mutoto wangu atabaki kwangu."

Tukaulizia njia mpaka mtaa wa Kadutu, kwenye ukumbi wa mabati wenye baridi kali. Mwalimu Polycarpe alitupokea mlangoni amevaa tai na koti la mvua. Yeye ndiye aliyeanzisha jioni hizo za mashairi, kwaya na michezo, akaziita *Soirées d'hiver*, yaani jioni za majira ya baridi, jina alilolipata katika gazeti la Ulaya. Hakuna aliyewahi kuona theluji, lakini baridi ya kiangazi cha Bukavu inauma, na watu walikuwa wamekuja na mablanketi. Kila kitu kiliisha mapema, kabla ya saa ambayo serikali ya Wabelgiji ilikataza watu weusi kutembea. Kwa hiyo washairi walisoma mbiombio kama watu wanaonyeshewa na mvua.

Nilimkalisha Mama Euphrasie mstari wa mbele kabisa. Nilidhani ni heshima. Kisha nikaenda nyuma ya pazia kumwambia mwalimu kwamba mama yule anamtafuta mkwe wake Théodore.

Jitu moja lenye masharubu, limevaa gauni na kilemba, limejipaka poda usoni na mikononi hadi viwiko, likakaa chini ghafla.

"Mama mukwe? Hapa?" alisema. "Mwalimu, nimekufa."

Hakuna mume Kadutu aliyekubali mkewe apande jukwaani, basi Théodore ndiye alicheza wanawake wote. Na jioni hiyo mchezo ulikuwa juu ya mama mkwe mlafi anayekuja kutembea na haondoki. Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Polycarpe alinieleza kwamba kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini.

"Basi usitoke," nilimwambia Théodore.

"Nisipotoka, atasema ni uongo, bibi amekwenda. Nikitoka, ni aibu, bibi amekwenda."

Polycarpe alitazama saa, akachukua mkeka mkubwa, akausimamisha katikati ya jukwaa. "Cheza nyuma ya uyu. Anzeni."

Mchezo ukaenda hivyo. Mama mkwe hakuonekana hata mara moja. Ilisikika sauti nyembamba ikilalamika, kisha mkono ukatokea ukingoni mwa mkeka kudai ugali, samaki, tumbaku, mto wa kulalia, tena ugali. Watu walicheka mpaka mablanketi yakaanguka. Mama Euphrasie hakucheka. Aliukazia macho ule mkono mpana, wenye kucha zilizopasuliwa na simenti, na kila ulipotikisika poda ilimwagika mbele yake. Mwishowe akainama, akainusa.

Akasimama, akageuzia mkeka mgongo.

"Mwalimu," alisema, na ukumbi ukanyamaza. "Ambia ule maman wa nyuma: poda yake nimeisikia. Akuje kuchukua bibi yake."

"Maman iko na bibi?" mtu akauliza kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Ile sauti nyembamba ikawa nzito ghafla. "Mwalimu, umwambie nitakuja."

"Na umwambie mimi sikulaka mara tano. Nakulaka mara tatu."

"Umwambie tutapunguza."

Jumatatu alfajiri Théodore alifunga mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, nyuma ya baiskeli yake. Polycarpe alikuwa ameshika kiti cha baiskeli, hataki kukiachia. Kiangazi kilikuwa bado kirefu, na hakuwa na mwanamke mwingine.

"Utarudi mbele ya posho?"

"Kwa bakwe, mwenye haraka anapewa kiti, hapewi bibi. Nitakaa mpaka baseme muende."

"Na mama mukwe wa muchezo?"

Théodore alifikiri. "Simamisha mukeka tu. Batu banajua yeye iko nyuma."

"Mukono je?"

"Uyu mugeni iko na mikono."

Akaivuta baiskeli kutoka kwa mwalimu, akapanda, akashika njia ya Nyangezi akiimba kwa ile sauti yake nyembamba, huku mkono mmoja umeushika mtungi nyuma. Sisi tulibaki barabarani. Polycarpe alikuwa akiitazama mikono yangu.