Miwani, Kitambaa na Mama Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nimwonapo mtu akivua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Siku hiyo nilikunywa uji wa mama mkwe wangu mbele ya macho yake, nikapangusa mdomo, nikamwambia nitaoa mke mwingine. Usicheke bado. Keti kwanza, maana jana nilikusikia ukilalamika kwamba barakoa wanayokuvalisha kazini inakujazia miwani ukungu, na kwamba umeanza kuishusha chini ya kidevu, imekaa hapo kama ndevu za beberu. Mimi nililipitia jambo hilo kabla baba yako hajazaliwa, na nusura linikoseshe mke.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, Mwingereza akiwa bado anatawala na vita vya pili havijaja. Nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambulia pamba, pale ufukoni, mwendo mfupi tu kutoka mjini Kisumu. Wanawake walikuja na pamba kutoka tambarare za Kano, makapu kichwani. Mimi nilikaa mezani penye lango, natia mkono kapuni, natazama, kisha natamka: hii safi, hii chafu. Neno hilo la pili lilikuwa zito, mwanangu. Mtu amepalilia miezi, amevuna kwa vidole vyake, halafu kijana aliyekaa kitini anamwambia pamba yake ni chafu. Kazi ile ilitaka macho.

Na macho yangu yalikuwa mabovu tangu utotoni. Mwalimu wetu wa misheni ndiye aliyeniagizia miwani, yenye duara mbili na vishikio vya waya. Pale kiwandani tulikuwa wawili tu wenye miwani, mimi na fundi wa mashine, Kalasinga mmoja mzee aliyeitwa Fundi Kartar. Basi hebu fikiria maringo yangu. Watu walisema, "Msomi yule anaona mpaka ng'ambo ya ziwa," nami sikuwakatalia. Jumapili nilikuwa naivaa hata nikienda kuoga ziwani.

Sasa, pamba ikichambuliwa hutoa vumbi. Nyuzi ndogo hupeperuka, huingia puani, hushuka kifuani, na asiyejifunga kitambaa hukohoa mpaka majirani wamhurumie. Kwa hiyo sote tulijifunga. Changu kilikuwa kipande cha nguo nyeupe ya marekani, nilikitoboa pembeni nikapitisha uzi, uzi nikautundika masikioni, juu yake vishikio vya miwani. Masikio yaliniwasha kutwa nzima. Lakini hilo lilikuwa dogo. Asubuhi, upepo wa ziwa ukiwa bado baridi, kila pumzi niliyotoa ilipanda juu, ikapenya kwenye ukingo wa kitambaa, ikavifunika vioo. Niliiona dunia kama mtu aliyetumbukia kwenye maziwa.

Nikamwambia nani? Sikumwambia mtu. Msomi aseme haoni? Nilikuwa nakadiria tu. Nilimjua mtu kwa sauti, kwa unene, kwa rangi ya shuka. Mficha uchi hazai, wahenga wamesema, ila ujana hausikii wahenga mpaka uvunjike mguu.

Palikuwa na bibi mmoja mchambuaji aliyeitwa Nyar Nyakach. Unajua kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao, nyar ni kusema binti wa, na yeye alizaliwa Nyakach, upande wa Katito. Hata mwenye kiwanda, Mhindi, hakumjua kwa jina jingine. Alikuwa na umri wa bibi yangu, na bibi na mjukuu kwetu hutaniana. Aliniita mume wake, nami nilimwita mke wangu wa kwanza. Kila asubuhi aliniletea uji wa mtama ndani ya kibuyu, anasimama mbele ya meza, namtania, nakunywa, anakwenda zake akicheka.

Na wakati huohuo, mwanangu, nilikuwa nimepeleka posa Kano. Msichana aliitwa Adhiambo. Nilimpenda hata nikawa nakosea kuhesabu magunia. Mshenga alikuwa shangazi yangu, na mambo yalikwenda vizuri. Kwao nilikwenda mara moja tu, nikamwona mama yake kwa mbali, nikamtupia jicho usoni mara moja, kisha nikainamisha kichwa kama desturi inavyotaka. Kwetu Waluo mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Humpi mkono, huli mbele yake, na mzaha naye ndio usiseme.

Sasa rudi nami mezani. Asubuhi ya baridi, miwani nyeupe pepepe, mbele yangu kivuli cha mwanamke mnene wa wastani, shuka imefunika pua kwa ajili ya vumbi, kibuyu mkononi.

"Karibu mke wangu wa kwanza!" nikamwambia. "Leo umechelewa. Ukiendelea hivi nitaoa mwingine, tena mwembamba!"

Nikanyoosha mkono, nikachukua kibuyu, nikashusha kitambaa, nikanywa. Nilikunywa kwa raha, nikajamba hapana, nikacheua tu, lakini kwa sauti. Sasa, kwa kuwa kitambaa kilikuwa chini, pumzi haikupanda tena, na ukungu ukaanza kuondoka kwenye vioo taratibu, kuanzia pembeni. Nikaona shuka ambayo si ya Nyar Nyakach. Nikaona kovu dogo kwenye paji la uso. Kisha nikaona macho, na macho yale nilikuwa nimeyaona Kano.

Yule mama aliacha kapu, akaacha na kibuyu chenyewe, uji aliojibebea wa njiani, mikononi mwangu, akageuka na kwenda. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Dole hufungwa kitambaa likapona.

Baada ya siku mbili shangazi alikuja, leso kafunga kiunoni, na ukiona shangazi kafunga leso kiunoni ujue mambo yameharibika.

"Yaye, wewe kijana! Umenitia aibu gani hii?" alianza kabla hajakaa. "Mimi nasifu, msomi, msomi, kumbe napeleka mlevi!"

"Sikulewa, waya," nikamwambia. Waya ndivyo tunavyomwita shangazi. "Sikumwona."

"Humwoni na vioo viwili usoni? Sikiliza. Mama yule hana shida na uji. Amesema hivi: mkwe asiyeniona mimi, atamwonaje mtoto wangu? Siku nane kutoka leo wanaleta pamba tena, naye atakuja. Akiona hakuna mabadiliko, posa inarudi."

Shangazi alipoondoka nililia, na sioni haya kukuambia. Nilikuwa na siku nane, na Adhiambo mwisho wake.

Nikafanya nini? Nilifanya unachofanya wewe. Nilivua kitambaa. Nikaona vizuri sana, siku mbili nzima, nikakohoa siku tatu mpaka mbavu zikaniuma. Nikarudisha kitambaa nikavua miwani. Kifua kikapoa, lakini nikapitisha gunia zima la pamba ya manjano iliyooza kwamba ni safi, na mwenye kiwanda akanifokea kwa Kigujarati, kisha akatafsiri nisije nikakosa uhondo. Mwiba wa kujichoma hauna kilio.

Jioni ile Nyar Nyakach alinikuta nimekaa nyuma ya ghala. Akaketi kando yangu, akavuta ugoro wake.

"Mume wangu, una nini?"

Hapo ndipo nilipolitamka, kwa mara ya kwanza tangu niianze kazi. "Bibi, sioni. Nikijifunga kitambaa, miwani inaingia ukungu, sioni kitu."

Nilidhani atanicheka. Alinikazia macho, na sauti yake ikapoteza mzaha wote. "Miezi mingapi?"

"Minne."

"Miezi minne unatuambia pamba yetu chafu na huioni?" Aliniacha nilimeze lile swali. Nikakumbuka wanawake waliorudi wameinamisha vichwa, na sikujua wangapi niliwaonea. Mpaka leo sijui. "Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "una kifua na una macho. Unaua hiki upate kile, kesho unaua kile upate hiki. Kwani ni maadui? Mbona hukuuliza? Kartar amevaa miwani miaka mingi kukushinda, na amefunga pua miaka yote. Umewahi kumwona anapapasa?"

Sikuwahi. Aliniinua kwa sikio, hakika nakuambia kwa sikio, akanipeleka kwenye karakana. Fundi Kartar alinitazama, akavua miwani yangu, akaingiza kidole chini ya uzi.

"Sikio hii iko nyekundu," akasema. "Wewe natundika kamba, natundika miwani, yote juu ya sikio. Sikio iko msumari?"

Wakanikalisha kwenye sanduku, wale wazee wawili, wakanifundisha kama mtoto wa chekechea. Nyar Nyakach akakikunja kitambaa changu upande wa juu mara tatu, kikawa kinene, akashona. Fundi akaleta kipande cha waya laini wa shaba, wakaupitisha ndani ya pindo, wakaubana juu ya pua yangu mpaka kitambaa kikalala sawa na mfupa, bila mwanya. Nyuzi hazikuwekwa tena masikioni. Za juu zilifungwa kisogoni, za chini shingoni, nazo zikaachwa zilegee kidogo ili pumzi ishuke badala ya kupanda. Miwani ikaja mwisho, ikakaa juu ya kitambaa, ikikikandamiza kwa uzito wake. Na vioo, Fundi aliviosha kwa maji na sabuni, akavikausha polepole kwa kitambaa laini.

"Sasa pumua," akasema.

Nikapumua. Nikangoja ule weupe, haukuja. Nikapumua tena kwa nguvu, kama ng'ombe. Mwanangu, niliona kila kitu! Niliona misumari ukutani, niliona mvi kwenye ndevu za Fundi, niliona kwamba Nyar Nyakach, ambaye kila siku nilimwita mke wangu, alikuwa na macho mazuri yenye upole, na sikuwa nimeyaona hata siku moja. Nilicheka, nao wakacheka, nikatoka nje kutazama ziwa nikiwa nimejifunga vilevile. Watu walidhani nimepagawa.

Siku ya nane ikafika. Wanawake wa Kano walikuja kwa msururu, zaidi ya ishirini, wote wamejifunika shuka puani, na asubuhi ilikuwa baridi kuliko zote. Niliona kwa nini mama yule alichagua kuja hivyo. Nikawatazama mmoja mmoja tangu wakiwa mbali. Wa saba, au wa nane, alikuwa na kovu dogo kwenye paji la uso.

Nikasimama. Nikaondoka mezani, nikaacha njia kabisa, nikaenda kusimama kwenye nyasi, mikono nyuma, uso nimeugeuzia ziwani. Moyo ulinidunda hata nikaona miwani itaanguka. Nikamwomba Nyar Nyakach apokee kapu na alitie upande wa safi au wa chafu kwa haki yake, bila kunitazama mimi.

"Ni safi," nikamsikia akisema. "Ni safi kweli, si kwa kupendelewa."

Kisha mama yule akaanza kusema, si nami, maana desturi haikumruhusu, bali na Nyar Nyakach, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie huyo kijana nimeona kwamba ameniona. Muulize, siku ile ilikuwaje?"

Ningeweza kusema jua lilinipiga machoni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. "Mwambie mama," nikasema kuelekea ziwani, "siku ile sikuwa naona, na nilikuwa naficha. Miezi minne niliwaficha watu wote. Nimefundishwa na wazee hawa, sasa naona, na siku nisipoona nitasema."

Mama akamgeukia tena Nyar Nyakach. "Basi mwambie na hili. Adhiambo naye haoni mbali. Tangu mdogo. Hajawahi kumwambia mtu, mimi nilimgundua kwa sindano, alikuwa anashona ameiweka karibu na pua. Niliposikia mchumba ana miwani nilifurahi, nikasema huyu atamwelewa. Halafu nikakuta naye ni wa kuficha! Wafichaji wawili nyumba moja, si wataungua ndani huku wakichekeana? Nilikuwa naogopa hilo, si uji."

Vigelegele vya wanawake wale, mwanangu, nadhani vilifika Milimani vikawaamsha wakubwa wa Kizungu kwenye nyumba zao. Nyar Nyakach alicheza peke yake katikati ya makapu, akitangaza kwamba leo ameachika na hana kinyongo. Nami, niliyesimama kwenye nyasi na uso ziwani, nililowesha miwani kwa machozi, na kwa ukungu wa namna hiyo Fundi hakuwa na waya.

Adhiambo ndiye bibi yako, yule aliyekaa ndani sasa hivi akisoma Biblia kwa miwani minene kuliko yangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikuwa na sheria moja tu: asiyeona aseme.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kinga ikikusumbua usiitupe, itengeneze. Bana juu ya pua, legeza chini, kamba ziondoke masikioni, miwani ikae juu ya kitambaa, na vioo vioshwe kwa sabuni kila asubuhi kabla ya chai. Hilo ni la uso. La moyo ni gumu zaidi. Kuuliza si ujinga, na kusema "sioni" hakumpunguzii mtu heshima, ila kujifanya unaona kunawaumiza watu ambao hata majina yao hutayajua. Mimi nilisamehewa na mmoja, na wale wengine wa makapu nawaombea tu.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie kifua chako na macho yako, wala asikufanye uchague kimoja. Akupe wazee wa kukuvuta sikio ungali kijana. Na siku dunia itakapokuwa nyeupe mbele yako, akupe ulimi mwepesi wa kusema sioni, na mtu wa karibu wa kukuambia, njoo nikuonyeshe.