Bomba Lililofaulu Ukaguzi

Mguu wa shangazi yangu ulikuwa umevimba kwa safari za kisimani, kwa hiyo bomba la serikali lilipojengwa mbele ya mlango wake, pembezoni mwa Tabora, nilifurahi kuliko yeye. Furaha ya bure! Lilitoa maji siku chache, likanyamaza.

Siku ya wakaguzi wa mradi huo wa maji nilitoka kwangu, mtaa wa Ng'ambo, asubuhi kwenda kumsalimia. Nikakuta boza, lori la maji, linajaza tangi la mradi, na kiongozi mmoja wa mtaa anapita nyumba kwa nyumba: "Wageni wanakuja, msituaibishe."

Na shangazi, jamani, kwa mambo ya wageni humwambii kitu. Sisi wa Tabora, njia ya misafara ya zamani, ndivyo tulivyolelewa: mgeni hasomewi shida mlangoni. Anakaribishwa, anakunywa maji, anakula, ndipo mnaongea. Basi akavaa kitenge kipya, akakinga ndoo bombani, akapiga vigelegele. Mkaguzi mmoja akampiga picha.

"Karibu ndani, mwanangu, nimepika," shangazi akamwambia. "Tuna maneno ya kuzungumza."

Mkaguzi akatazama saa, akashukuru, akapanda gari. Wali ukabaki jikoni, na maneno yakabaki nao.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilimwambia kwa hasira. "Haya, umepona?"

Jioni bomba likakauka, na kesho yake akarudi kisimani.

Mguu ulipozidi nikampeleka mjini, ofisini kwa wahusika wa maji, akichechemea. Afisa alitupokea kwa adabu, mpaka nikatamani angekuwa mshenzi nimtukane vizuri. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Ukutani palikuwa na ramani ya mitaa. Mtaa wa shangazi ulipakwa kijani, maana yake huduma ipo. Mafundi walikuwa wanapelekwa kwenye nyekundu tu.

"Mama, kwenu tumeshafaulu," alisema, akatuonyesha picha iliyobandikwa pembeni ya ramani. Shangazi yangu huyo, ndoo imefurika, meno yote nje.

Nilifoka mpaka watu wakachungulia mlangoni. Kupima gani huko? Mnapima siku ya kuja wageni, na sisi tunaishi siku zote! Afisa akainama, akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Shangazi akanishika mkono ninyamaze. Akaisogelea ile picha, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu," akamuuliza afisa, "huyu mama mwenye maji anakaa wapi? Nikamwombe ndoo moja."