Kanga Nyekundu ya Bi Sharifa

Asubuhi moja, vita na Uganda vikiwa bado havijaanza, nilikuwa nimefungua injini ya boti ya kijiji pale Kiswere. Watu walinizunguka kunitazama, na walikuwa na haki ya kutazama. Mimi, mtoto wa mkulima wa mihogo, niliyekwenda shule kwa miguu, nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya na diploma ya ufundi wa injini. Sikumjua mwingine mwenye diploma kama ile kutoka Kilwa hadi Lindi. Hakuna aliyenibeba. Nilijibeba mwenyewe.

Kisha ndege ikapita, na wote wakanipa kisogo.

Alikuwa Hamisi, mwana wa Bi Sharifa, niliyekaa naye dawati moja shuleni. Jeshi lilikuwa limemfanya rubani. Kila mazoezi yalipomleta upande wetu, alipita juu ya kijiji, na mama yake alitandika kanga nyekundu mchangani kumwambia kwamba yupo na ni mzima. Hamisi akishaiona, alitikisa mabawa akaenda zake.

"Bwana Diploma," alisema Athumani, mtani wangu, "wewe umeisomea injini. Mwenzako kaipanda!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, huku nakaza kwa spana nati isiyohitaji kukazwa.

Vita vilipoanza, nilichaguliwa kuongoza ulinzi wa kijiji. Nani mwingine angechaguliwa? Nilisomewa amri wilayani: taa zizimwe usiku, ndege za adui zisione makazi. Niliporudi, nyumba ya kwanza kuiendea ilikuwa ya Bi Sharifa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile kanga usiitandike tena. Adui ataiona."

"Huyo adui atoke Uganda kote huko, aje kutafuta kanga yangu?"

"Ni amri, Mama."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Akaikunja, akaitia sandukuni.

Amri haikutaja nguo. Nililijua hilo nikiwa nimesimama mlangoni pake.

Siku chache baadaye, baada ya sala ya adhuhuri, ndege ilikuja. Kulikuwa na ukungu mwepesi, mbingu na bahari rangi moja. Ilipita juu yetu.

Haikutikisa mabawa.

Iligeuka, ikarudi chini zaidi.

"Ananitafuta," alisema Bi Sharifa. "Anadhani nimekufa." Alikimbilia ndani.

Ningeweza kuvua shati langu nikalipunga. Sikulipunga.

Mara ya tatu ilipita chini kuliko minazi. Niliisikia injini, na injini nazijua: ilikuwa nzima, sauti safi kabisa. Ilikata kona juu ya maji.

Bawa likagusa maji.

Bi Sharifa alitoka na kanga mkononi. Bahari ilikuwa imeshaifunika ndege.

Tulitafuta siku tatu kwa boti niliyoitengeneza mwenyewe. Tulipata gurudumu moja na kipande cha bati. Hatukupata mwili wa kuosha wala wa kuzika. Msikitini akasaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, nami nilisimama safu ya mbele.

Barua ya jeshi ilipofika, Bi Sharifa aliniletea mimi niisome. Ilisema alipotea baharini akiwa katika safari ya mafunzo.

"Haisemi kwa nini alianguka?"

"Haisemi, Mama."

Aliipokea barua, akaipapasa. "Wewe ulikuwepo, na injini unazijua. Iliharibika?"

Athumani alikuwa amekaa barazani. Hakutania. Alinitazama tu.

"Iliharibika, Mama," nilisema. "Niliisikia."

Alishusha pumzi. Siku zile alikuwa akijilaumu kwa kuikunja ile kanga. Huenda jibu langu lilimpunguzia mzigo, na kwa miaka mingi nilijitetea hivyo. Lakini sikumjibu kwa ajili yake.

Nimetengeneza injini nyingi tangu siku ile, Lindi, Mtwara hadi Dar es Salaam, na sijawahi tena kuisingizia injini ubovu. Wivu wangu kwa Hamisi haukuzama naye. Hadi leo ndege ikipita watu huinua nyuso, nami huinamia kazi yangu.

Bi Sharifa alifariki akiwa mzee sana. Kila aliyemuuliza habari za mwanawe alimjibu kwamba ilikuwa injini. Na mtu akionyesha shaka, alimwambia, "Fundi mwenye diploma ndiye aliyesema."