Mbuzi Aliyeliwa kwa Ajili ya Mlima

Jumamosi, mwezi wa saba, 1974. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa za Chaka, kijiji chetu chini ya mlima, na manyunyu hayakukatika tangu asubuhi. Mlima haukuonekana kabisa, na ndiyo siku niliyokuwa natafuta watu wa kuupanda nao.

Mpagazi mmoja wa Naro Moru, wanakoanzia wapandaji, alikubali kunipeleka kesho yake. Tangu utotoni niliuona ule weupe wa kileleni, nikatamani kuugusa bila kumbebea mtu mzigo. Lakini mwezi wa baridi mpagazi huyo hakuwa akipeleka mtu mmoja. "Ukivunjika mguu, mmoja akae na wewe, mwingine aende kuita watu. Leta wawili, ama ukae kwako."

Nikaona dawa ni mbuzi. Nilimwomba mke wangu beberu wake, akanipa bila neno, na hapo ningekuwa mwerevu ningeshtuka. Wanaume watano walikuja. Nikangoja wafike kwenye mifupa ndipo niutaje mlima.

Jirani yetu, mzee wa kanisa, akafuta mafuta mdomoni. "Mlima ni ya Mungu, bwana. Sio ya kukanyagwa na mtu ameshiba."

"Basi nenda na njaa," mke wangu akasema.

Wa pili akasema ng'ombe yake iko karibu kuzaa. Nisimsingizie, ilizaa kweli wiki hiyo. Wawili wengine walikumbuka vifua vyao, wakakohoa kwa zamu.

Akabaki fundi cherehani, Mwislamu aliyehamia kwetu kutoka Nyeri mjini. Kwetu huitwa Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Mimi kwa haraka zangu nilichinja mwenyewe, kwa hiyo alikuwa ametafuna nduma tu.

"Mimi nitaenda," akasema. "Huko juu tutakula sawasawa."

Bado mmoja. Mke wangu akasimama. "Wa tatu ni mimi."

"Na watoto? Na ng'ombe?" nikauliza.

"Si hawa wanaume wako hapa? Wamekula mbuzi yangu. Mtu akila ya ngwatio si anafanya kazi?"

Ngwatio ni majirani kulimiana mashamba kwa zamu, mwenye shamba akiwalisha. Ukishakula, jembe halikataliwi. Sijui kama hesabu yake ilikuwa halali, maana hakuna aliyeambiwa mapema, lakini hakuna aliyethubutu kubisha ila mzee.

"Mama, kesho ni Jumapili."

"Ng'ombe haijui Jumapili. Utaikamua kwanza, halafu uombe."

Wenye vifua walipewa kuni na maji. Mwenye ng'ombe alihurumiwa, akapewa watoto wetu wanne tu.

Nilisimamisha lori la viazi lililokuwa likielekea Naro Moru, nikamtuma dereva amwambie mpagazi tuko watatu.

Jioni tulikula mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa na majani ya malenge, na fundi akiwa nasi. Mke wangu ndiye aliyepakua. Niliogopa kuomba nyongeza.