Puli Sita na Kahawa ya Kutafuna

Asubuhi ya arusi ya mdogo wangu niliamka na furaha ya kijinga kabisa. Niseme ukweli, tulikuwa tumezika mno. Nyumba yetu ya Kagondo ilikuwa imetoa watu wanne ndani ya miaka mitatu, wa mwisho akiwa kaka yetu, na magauni yangu ya heshima yalikuwa hayajui njia nyingine isipokuwa ya makaburini. Sikuwa nimetetemeka vile tangu utoto wangu wakati wa vita, ndege zilipopita juu ya Bukoba nasi tukajificha mgombani. Safari hii nilitetemeka kwa raha.

Ndoa ingefungwa Kimwani, huko Muleba, nyumbani kwa bwana arusi. Si kawaida, lakini mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani. Hakuna aliyeutaja ugonjwa wake. Miaka ile hatukuwa na haja ya kuutaja. Alikuwa amebakiza mtoto mmoja tu, huyo huyo aliyekuwa anamchukua mdogo wangu, na alikuwa ametuma neno kwamba anataka kumwona mkwe wake akiingia nyumbani, yeye mwenyewe akiwa bado anapumua. Akifa kabla, matanga yangeisogeza arusi mpaka mwaka mwingine. Padre alikubali kuja kufungisha ndoa pale pale barazani, ila angesubiri mpaka saa nane mchana tu. Baada ya hapo alikuwa anakwenda visiwani kwa wavuvi, na kurudi ni baada ya siku kumi.

Siku kumi! Kwa mama yule, siku kumi ilikuwa kama kumwambia asubiri karne.

Wageni wetu walitangulia kwa lori siku moja kabla. Tukabaki watatu: mimi, bibi arusi na shangazi yetu, tuje na gari dogo aliloliacha kaka. Injini ya gari ilikuwa na mkanda mmoja mrefu uliozunguka puli sita, vile vigurudumu vya mbele yake, na puli mbili kati ya hizo zilikuwa zimekwisha: ile ya kukaza mkanda na ile ya kuuongoza. Zilipiga kelele za kuudhi, na mkanda wenyewe ulikuwa umechanika pembeni. Vipuri vipya vilikuja kwa meli kutoka Mwanza siku moja kabla, na fundi, jirani yetu, aliniahidi kufika alfajiri na kuvifunga ndani ya saa moja.

Hakuja. Badala yake tulisikia vilio. Mtu alikuwa amefariki nyumba ya tatu kutoka kwetu, na fundi ndiye aliyekuwa anaandaa kaburi. Pikapu pekee ya jirani ilikuwa imekwenda kuchukua jeneza. Na kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, hushiki jembe la shambani, hupasui kuni, hugongi chochote. Ukigonga nyundo siku kama hiyo, utaitwa mchawi kabla ya jua kutua.

Shangazi akakaa chini. "Basi," akasema, "arusi imekufa."

Nilikasirika. Nilimkasirikia shangazi, nikamkasirikia fundi, nikamkasirikia hata marehemu, Mungu anisamehe. Halafu nikaenda stoo nikachukua spana za kaka. Kaka alikuwa na tabia ya kuniita nimshikie taa kila alipolala chini ya gari, na alikuwa akinieleza kila nati kana kwamba mimi ndiye nitakayelirithi. Siku ile nilimkumbuka sana.

"Unajua kufunga?" mdogo wangu aliniuliza.

"Nimeona."

"Kuona siyo kufunga, dada."

"Vaa kanga, njoo."

Akaja. Nywele zimesukwa tayari, mafuta yananukia, kanga kuukuu kifuani. Kabla ya kutoa mkanda wa zamani nilimwambia tuweke alama ya njia yake, maana unapinda huku na kule, ukikosea mara moja umekwisha. Hatukuwa na kalamu karibu. Yeye akatandika mkeka mdogo mlangoni, akachukua kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kumkaribishia mtu, kutoka kwenye kikapu cha wageni, akapanga punje sita mahali puli sita zilipo, kisha akazungushia kamba ya mgomba vile vile mkanda ulivyopita. Ilikuwa ramani safi. Nilimbusu kwenye paji la uso.

Mkanda ukatoka. Puli ya kuongoza ikatoka bila ubishi. Lakini boliti ya puli ya kukaza ilikuwa imeshika kutu. Fundi yeyote angeipiga nyundo mbili na habari ikaisha. Sisi tuliimwagia mafuta ya taa, tukangoja, tukaimwagia tena. Kisha nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, na sote wawili tukaning'inia hapo, mimi na bibi arusi, tukiuma midomo tusipige kelele. Ghafla ikaachia. Tuliangukiana kwenye majani, na tulicheka kwa kujiziba midomo mpaka machozi.

Ndipo alipoingia bibi mmoja mzee kutoka msibani. Nikaisukuma spana chini ya gari. Shangazi alipiga magoti akamsalimia, akamkaribisha mlangoni.

"Tumesikia mnahangaika," bibi akasema. "Wazee wamekaa. Wanasema bibi arusi aende, asizuiliwe. Mama wa Kimwani tunamjua alivyo. Lakini hapa pasisikike kugonga. Na gari liwake mara moja tu, mwende. Msilingurumishe ovyo."

"Kasinge, waitu," nikasema, asante kwa Kihaya, na nilisema kutoka moyoni. Nilitamani kumkumbatia, ila mikono yangu ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

Nikageukia gari nikafunga puli mpya, beringi zake zikizunguka bila hata mlio. Zilinipendeza nikazizungusha kwa kidole mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha nikashika mkanda mpya, nikaenda kutazama ramani.

Mkeka ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa anatafuna.

Shangazi hakuwa na kosa. Mgeni wa msibani, tena aliyeleta ruhusa, angeondokaje bila kahawa? Aliona punje pale miguuni pake, akazikusanya, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kamba ya mgomba alikuwa ameitupa.

"Shangazi! Umempa puli zetu!"

"Nimempa kahawa," akajibu kwa hasira. "Hizo puli zenu ziko wapi?"

Mdogo wangu alianza kulia. Mimi, sijui kwa nini, nilianza kuona raha kali, ile ya mtoto aliyepewa fumbo. Kuwasha na kujaribu hatukuruhusiwa. Ilibidi tupatie mara moja. Nikamshika mkono nikamwambia atazame mkanda: upande mmoja una mistari, mgongo wake ni laini. Halafu atazame puli: nyingine zina mistari, nyingine ni laini.

Akaacha kulia. Akapenga kamasi. "Kwa hiyo mistari kwa mistari, laini kwa laini."

"Endelea."

"Puli ya pampu ya maji ni laini. Mkanda unaipita kwa mgongo. Tukiupitisha vingine, pampu itazunguka kinyume, na maji yatachemka kabla hatujafika Muleba."

Nilimtazama huyu mtoto niliyembeba mgongoni, nikajivuna kama mimi ndiye niliyemzaa. Tuliupitisha mkanda puli moja baada ya nyingine, yeye akitaja, mimi nikivalisha. Mwisho nikavuta ile puli ya kukaza kwa spana, yeye akasukuma mkanda ndani kwa vidole, nikaachia taratibu. Ukakaa. Tukazungusha puli kubwa kwa spana, raundi mbili, bila kuwasha. Kila puli ilizunguka.

Saa nne tuliingia garini. Mdogo wangu alikuwa amevaa gauni jeupe, na vidole vyake vilikuwa vyeusi, maana sabuni iligoma kuitoa ile grisi. Nikageuza ufunguo. Gari likawaka mara moja, kimya, pasipo ule mlio wa kuudhi. Shangazi alitaka kupiga vigelegele akajishika mdomo. Tulipita nyumba ya msiba polepole, tukiinamisha vichwa, na tulipofika barabara kuu sote watatu tukapiga kelele kama wendawazimu. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto njia nzima. Haukupanda.

Padre alikuwa ameshapanda pikipiki yake tulipoingia uani Kimwani. Alitutazama, akatazama saa, akashuka.

Mama alikuwa amelazwa barazani juu ya godoro, mwepesi kupita kiasi. Mdogo wangu alipiga magoti mbele yake akaficha mikono nyuma. Mama akaomba aione.

"Samahani, mama. Nilikuwa nafunga mkanda wa gari."

Mama alicheka. Kicheko kidogo, kikaishia kwenye kikohozi, lakini bwana arusi aligeuka ukutani akalia, maana alikuwa hajakisikia tangu mvua za mwaka uliopita. Ndoa ikafungwa hapo hapo, mama akiwa ameshika kidole kimoja cheusi cha mkwe wake.

Alifariki siku ya sita, padre akiwa bado visiwani. Mdogo wangu ndiye aliyemwosha. Siku zote sita alikuwa amemlisha uji na kumgeuza kitandani. Alimwita mama, na kila alipomwita, aliitikiwa.