Kuku wa Kupimia Bomba

Bomba jipya la maji la Kasungami lilipita chini ya shamba la mihogo la mama mkwe wangu. Kabla ya kuwafungulia watu, ilitupasa kulijaza maji, kuziba ncha zote mbili, kulisukumia presha kwa pampu ya mkono na kungoja. Mshale wa kipimo ukishuka, tunaongeza maji kutoka pipa lenye alama za lita mpaka mshale urudi. Maji tuliyoongeza kwa saa moja ndiyo yanayovuja. Hesabu hiyo nilijifunza mwenyewe, na niliipenda.

Ziliruhusiwa lita mbili. Nilipata sita.

"Rudia," akasema chef wetu, msimamizi wa kazi. Nikarudia. Sita.

"Basi, Citoyen, kesho tunachimbula yote. Na mihogo ya bukwe yako, pole sana."

Mihogo hiyo ndiyo chakula cha mama mkwe cha mwaka. Nikaifuata njia ya bomba, nikipapasa udongo penye kila kiungo. Mkavu. Mwishoni kabisa, uani kwake, penye robinet, koki ndogo ya kutolea hewa, nikamkuta mama mkwe ameketi. Robinet imelegezwa kidogo, chini yake beseni, maji yanadondoka taratibu.

Kwetu mwanamume hamsemeshi mama mkwe, wala hamtazami usoni. Nikageukia pembeni kutafuta mtu wa kumtuma. Palikuwa na kuku tu.

"Weye kuku, ambia bamama bafunge ile robinet. Maji ikitoka, kesho batachimbula mihogo yabo yote."

"Kuku," akajibu mama mkwe, akiutazama ukuta wa nyumba yake, "ambia ule muntu: bomba ya kweli inatoa maji. Yake inatoa hesabu tu."

Kuku akaondoka. Ikabidi nimfuate nyuma ya choo, nikimweleza presha ni nini, kwa sauti kubwa ili asikie vizuri. Nilipofika kwenye lita zinazoruhusiwa, nikasikia robinet ikilia: imefungwa.

Tukapima upya. Lita moja na nusu.

"Uliziba na nini?" akauliza chef.

"Nilisema na kuku."

Akaamuru pampu iondolewe bombani.

Jumapili mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na sufuria ya kuku wa mchuzi.

"Mama anasema mule," akaniambia. "Ule kuku, tangu siku ya hesabu yako, hakutaga tena."